Makombo ya Nguruwe Mbele ya Picha ya Marehemu

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Kigoma, na ninapoandika haya naishi Yeoville, Johannesburg, katika chumba ninachochangia na watu ambao majina yao kamili siyajui. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa... nilichoka tu kukaa dirishani huku dunia ikipita nje. Tangu hapo nimetangatanga Zambia, nikaenda Zimbabwe, mpaka nikafika huku. Nimebeba saruji, nimelinda mageti, nimeosha vyombo. Nina ugonjwa mmoja: nikiona mlango nisioujua, lazima niingie.

Ndivyo nilivyoingia katika kiduka kimoja cha Kensington, barabara kubwa, kati ya fundi matairi na duka la dawa. Dirishani kulikuwa na vitu vya mviringo, vyeupe, laini, vimepangwa juu ya kibao. Nikamuuliza mzee aliyekuwa ndani, sabuni hizi zinauzwaje?

Alicheka mpaka akashika meza. Hazikuwa sabuni. Zilikuwa peremende za Kijapani, na yeye, Mzee Shiro, alizitengeneza mwenyewe kama zilivyotengenezwa kwao tangu enzi za mababu zake. Akanipa moja. Nje ilikuwa mchele wa kunata uliotwangwa mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio. Ndani... maharage. Maharage yenye sukari!

Nilitaka kutema. Kwetu maharage yana chumvi, kitunguu na mawese. Nani huweka sukari kwenye maharage? Lakini usiku ule nilikuwa bado nauhisi ule utamu, mtulivu, usiopiga kelele mdomoni. Asubuhi nilirudi. Kesho yake nilirudi tena.

Nikaanza kuzitafuta mji mzima. Nilipanda teksi hadi Rosebank, hadi Sandton, kokote nilikosikia kuna mgahawa wa Kijapani. Nilizikuta zimetoka kwenye friji, ngumu, zimefungwa plastiki, zimesafiri na meli. Nilipomsimulia Mzee Shiro alitikisa mkono kama anafukuza nzi. Peremende hii, alisema, inazaliwa asubuhi na inakufa jioni. Ya jana si chakula.

Na kweli, iliyobaki jioni hakuiuza. Aliitia kwenye ndoo iliyokaa uani, na mfugaji mmoja wa nguruwe alikuja kuichukua kila baada ya siku chache.

Mzee aliniajiri kwa sababu ambayo hakuna mwingine angeniajiri. Mafua makali yalikuwa yamemwacha bila pua wala ulimi. Alikuwa haonji chochote. Chumvi, sukari, uchachu, kwake vyote vilikuwa maji. Mimi nikawa ulimi wake. Alinifundisha kuloweka maharage madogo mekundu, kuyachemsha, kumwaga maji ya kwanza yenye ukakasi, kuyapondaponda, kuyakamua kwenye kitambaa, kisha kuyasonga na sukari juu ya moto mdogo mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Mchele tuliutwanga kwa kinu. Yeye aligeuza kwa mkono, mimi nikapiga mchi. Kutwanga nilikujua tangu kwa mama yangu.

Kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuondoka mahali. Mzee alikuwa ameniambia kwamba mikono yake ikishindwa, jiko lile litakuwa langu. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita!

Kulikuwa na desturi moja. Chumba cha nyuma kulikuwa na kabati dogo jeusi, milango wazi, ndani picha ya mke wake aliyefariki. Kila asubuhi peremende mbili za kwanza, zile bora kabisa, nilizigonga muhuri wa mti wenye ua, zikawekwa kwenye kisahani mbele ya picha. Muhuri ule haukugusa peremende nyingine yoyote. Jioni, baada ya kufunga duka, mzee aliingia peke yake, akachemsha chai, akakishusha kisahani na kula zile peremende. Aliniambia ndivyo wanavyofanya kwao. Marehemu hula kwanza, kisha waliobaki hula naye. Hapo ndipo alipokula na mkewe.

Sasa nimtaje Chantal.

Alikuwa Mkongo wa Uvira, msusi, tukipendana mwaka wa pili. Alisuka kwenye saluni ya mtu mmoja aitwaye Blaise, hapo hapo Yeoville. Aliniambia kazi ile inamchosha na bosi wake anamsumbua. Na alinikataza kabisa kufika pale. "Usifike kule, papa, nitasikia haya," alisema. Nikamtii. Nikamwombea kazi kwa Mzee Shiro, akae kaunta, ambako kila peremende ilihesabiwa. Mzee alikubali kwa sababu nilisema mimi.

Asubuhi nilitengeneza, kisha nikatoka kupeleka mizigo kwa wateja. Chantal ndiye aliyebaki kukiweka kisahani mbele ya picha.

Mvua zilipoanza, mzee akaanza kuumwa. Tumbo lilimkata, akaharisha, akatapika. Alisema ni uzee. Nilimpikia uji wa ulezi, nikamchemshia maji ya kunywa, nikamsihi aende hospitali. Alikataa. Alikonda mpaka mkanda wake ukazunguka kiuno na kubaki ncha ndefu inayoning'inia. Chakula kingine alikisukuma kando, lakini jioni hakukosa kuingia chumba cha nyuma. Alisema hata asipokula kitu kingine, hawezi kumwacha mkewe ale peke yake...

Mimi niliyekuwa ulimi wake nilionja kila sufuria ya jikoni. Kila kitu kilikuwa safi. Nilianza hata kuyashuku maji ya bomba.

Siku moja jioni, nilipomaliza kupeleka mizigo, umeme ulikatika Yeoville yote. Kinyozi wangu alikuwa amefunga. Saluni pekee iliyokuwa na jenereta ilikuwa ya Blaise. Nikajisemea, eish, Chantal hayupo pale tena, kuna ubaya gani nikinyoa na kuondoka?

Blaise alinipokea vizuri. Hakunijua. Alinifunga kitambaa shingoni, akaniuliza, "Grand, leo tunapunguza ama tunamaliza yote?"

Mbele yangu, chini ya kioo, kati ya vitana na mashine za kunyolea, palikuwa na kisosi. Ndani yake peremende moja na nusu. Ile nzima ilikuwa na muhuri wa ua. Ile iliyoumwa ilikuwa imenasa vinywele vya wateja, vifupi, vyeusi, vimeganda kwenye maharage kama miguu ya wadudu.

Nilimuuliza ameitoa wapi.

"Hiyo? Madame yangu ananiletea kila siku saa ya mchana. Anatumikaka kwa ule Muchina wa Kensington." Akaisukuma karibu yangu. "Kula, grand. Usiogope nywele, ni za wateja safi."

Vijana waliokuwa wamekaa kwenye benchi walicheka. Mmoja akasema Blaise amenenepa tangu madame aanze kumlea kama mtoto.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mwanamke wangu ana mtu. Lakini ndugu wasomaji, mtanielewa nikisema kwamba uchungu huo haukupata nafasi ya kukaa? Kwa sababu swali lingine lililipita mbio. Kama mbili za marehemu ziko hapa... mzee anakula nini kila jioni?

Nilitoka na kitambaa cha kinyozi shingoni. Blaise akaita nyuma yangu nirudishe mali yake. Nilipanda teksi ya kwanza, na kila robot, zile taa za barabarani, ilitusimamisha kwa nyekundu kama imetumwa.

Nilipofika duka lilikuwa limeshafungwa, Chantal anapiga deki kaunta. Nilimpita. Mzee alikuwa amepiga magoti chumba cha nyuma, kisahani mkononi, chai inafuka. Nilimnyang'anya. Nikauma.

Hata sasa mate yananijaa nikikumbuka, na si mate ya hamu. Ilikuwa chachu. Ndani ilivuta mlenda, uzi mrefu uliotoka mdomoni mwangu mpaka kwenye vidole. Juu yake kulikuwa na wanga mpya, mweupe, umepakwa vizuri, na muhuri wa ua umegongwa upya. Nikasikia na punje ya kitu kingine kwenye jino... ganda la yai. Mabaki yetu ya jikoni yalikwenda ndoo ile ile ya uani.

Chantal alikuwa anaziokota kwenye ndoo ya nguruwe! Anazifuta, anazipaka wanga, anazigonga muhuri, anampa marehemu. Zile safi anamfungia Blaise kwenye karatasi.

Nilitapika palepale kwenye mkeka. Chantal akaja na tambara la deki mkononi. Nilimuuliza kwa nini. Hakukana. Alinishangaa.

"Sasa weye unalilia nini? Bibi alishakufaka. Mtu ya kufa anatafuna na meno gani?"

Nikamwambia marehemu hatafuni, lakini huyu mzee anatafuna. Anazila yeye kila jioni.

Akaziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Mungu wangu! Mi nilijua anazitupaka! Nani aliniambia ule mzee anakulaka?"

Mzee Shiro aliniuliza, kwa Kiingereza chake kidogo, anasema nini. Ningeweza kumficha. Nilimwambia yote. Hakuuliza kuhusu tumbo lake hata kidogo. Aliuliza jambo moja: tangu lini mke wangu anapewa hivi? Nikamwambia, tangu mvua. Akaigeukia picha, akainamisha paji la uso mpaka likagusa mkeka, karibu na matapishi yangu, na akakaa hivyo mpaka nilipomwinua. Nilipomwinua alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

Hospitali walimlaza. Binti yake alikuja kutoka Durban. Mzee hakuamka vizuri tena. Madaktari walitaja utumbo, walitaja umri, na baada ya muda mfupi akafariki.

Nilimwendea binti yake, ambaye nilikuwa nimeshamweleza yote. Nilimwomba kitu kimoja tu: niingie jikoni asubuhi moja, nitwange, nimtengenezee baba yake mbili za kuweka mbele ya jeneza lake. Alinitazama mikono. Hakunitukana. Alisema, "Asante, tumeshanunua." Siku ya maziko niliziona, za friji, ndani ya plastiki yake, hata hazijafunguliwa. Hakuna mtu wa familia ile ambaye angekula tena kitu kilichopita mikononi mwa watu wangu, na siwezi kuwalaumu. Duka sasa linauza simu.

Chantal anaishi na Blaise. Nikikutana naye barabarani ananisalimia, na mimi navuka upande wa pili. Si wivu. Ni kinyaa. Namtazama mikono na sioni ilivyo tofauti na mikono mingine.

Ndugu yangu unayesoma, umempenda mtu na unataka kumwingiza mahali unapopaheshimu? Usimpime kwa anavyokufanyia wewe, maana wewe unaweza kusema. Mtazame anavyomfanyia asiyeweza kulalamika: mgonjwa asiye na fahamu, mtoto mchanga, maiti. Akisema, "kwani atajua?" ondoka siku hiyo hiyo. Mimi jibu la namna hiyo nililisikia kwa Chantal nikiwa tayari nimeuma.