Mchanga Ndani ya Stendi za Spika

Dada yangu aliolewa na fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwema, ila mke wake wa kwanza alikuwa redio. Niliishi nao. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali, na anayefua mashuka ya hospitali akirudi nyumbani hataki muziki wala maneno. Anataka kulala.

Spika mbili kubwa zilikaa juu ya kabati la vyombo. Besi ikipanda, vikombe vinagongana, dirisha linalia, na kitanda cha chumba cha pili kinatetemeka. Kwenye kitanda hicho baba yake shemeji aliugua miezi tisa. Kila siku aliomba sauti ipunguzwe. Shemeji alipunguza, na baada ya wimbo mmoja akapandisha. Mzee akakata roho adhuhuri moja, redio ikiwa imepamba moto. Sijui kama alimsamehe. Mimi nisingemsamehe.

Baadaye dada akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipofika miezi mitano alikuwa bado halali kwa ile mitetemo, na dada, ambaye si mtu wa ugomvi, akamwambia mumewe achague: spika zitulie au yeye ahame na mwanawe.

Shemeji alinieleza kwamba kabati lilikuwa linacheza pamoja na spika, kwa hiyo tulichokuwa tukisikia ni kabati, si wimbo. Jumamosi asubuhi alichomelea stendi mbili za mabomba ya chuma, zifike usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, akazisogeza mbali kidogo na ukuta. Chini aliweka raba alizokata kwenye malapa yangu, bila hata kuniuliza. Yakabaki mabomba yenyewe, ambayo ukiyagonga yanalia kama kengele. Dawa yake ni kuyajaza mchanga mkavu. Stoo kulikuwa na nusu gunia la mchanga uliobaki tulipojengea kaburi la mzee.

"Huo si uuache," dada alinong'ona.

Shemeji akasema mchanga ni mchanga. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilitaka wamalize nikalale. Mpaka leo inaniuma.

Kazi ilikuwa safi, tuseme ukweli. Tulimsikia mwimbaji hata akivuta pumzi. Vikombe vilitulia. Mtoto akalala, nami nikalala saa tatu mfululizo, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Siku ya pili niliona friji haingurumi. Nikaigusa, inapoza. Siku ya tatu upepo ulibamiza mlango, lakini hatukusikia kishindo. Tulicheka. Shemeji alitamba kwamba stendi zake zimepita kiwango.

Siku ya nne, mchana, dada alikuwa nje anaanika nguo. Niliingia chumba cha mtoto kuchukua shuka. Alikuwa macho. Mdomo wazi. Mto umelowa machozi. Analia. Hakuna sauti. Nilimnyanyua, kifua chake kikipiga kwikwi mikononi mwangu. Nikamwita dada. Sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Nilikimbia naye nje, nikaita tena, sauti ikatoka. Ya mtoto haikutoka. Alikuwa amelia muda gani, hatujui.

Shemeji alirudi, akazima redio. Akaweka sikio kwenye stendi. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akatupeleka uani, ndipo akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Analia humo ndani ya bomba."

Hofu haina ushauri mzuri. Shemeji alisema turudishe mchanga kwa mwenyewe. Alasiri ile ile tukaubeba mpaka makaburini, tukaufukia pembeni mwa mzee, na shemeji akapiga magoti akaomba radhi. Tuliporudi friji ilikuwa inanguruma. Mlango ulilia. Mtoto alibaki kimya.

Sasa ana miaka minne. Madaktari wanasema koo lake ni zima. Anacheka kimya, anaanguka kimya. Mwaka jana dada alikwenda kung'oa majani kaburini, akainama karibu na saruji, akamsikia mtoto. Kilio kile kile cha miezi mitano. Mchanga ulikuwa umekishika, nasi tukakizika kwa mikono yetu. Laiti tungeumwaga uani, huenda kingetoka. Shemeji alikwenda akachimba, akachekecha mpaka vidole vikachubuka, lakini mvua ilikuwa imekwisha kuuchanganya na udongo.

Basi dada huenda kila mchana. Hulaza shavu kwenye saruji na kumbembeleza mpaka anyamaze, na huchukua saa nzima. Mtoto mwenyewe hucheza kando. Wiki hii dada ana homa, kwa hiyo naenda mimi nikitoka kazini, miguu ikiniwaka moto.

Jana nilichelewa. Nilipolaza shavu, alikuwa amekwisha nyamaza. Kuna mtu mwenye sauti ya kizee alikuwa akimwimbia kule chini, polepole, na yeye akimwitikia kwa vicheko. Nilichohisi kwanza ni nafuu. Nikasinzia palepale. Dada sijamwambia.