Rukaya na Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Kila asubuhi kabla ya kengele, Rukaya alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao huko Kwamndolwa. Asubuhi ile alifagia huku akiikwepa meza ya kompyuta. Tangu juzi kompyuta ya shule, yenye mazoezi yote ya Darasa la Saba, ilikuwa imegoma kuwaka. Ilionyesha kioo cheusi na maandishi meupe mawili matatu, basi. Na mtihani ulikuwa umebakiza wiki moja.

Wenzake walishampata mkosaji: Tatu, msichana mkimya aliyehamia kutoka Mashewa, kwa kuwa jina lake lilikuwa la mwisho kwenye daftari la zamu. Jana mtu alikitemea kiti chake mle chumbani. Watoto wakacheka. Rukaya naye alicheka, tena akaongeza, "Kompyuta kaionea wapi huyo?"

Sasa alikitazama kile kiti. Kohozi lilikuwa limekaukia pale kama ute wa konokono. Kinyaa kilimpanda hadi kooni, na si cha kohozi tu. Alijiona yeye ndiye uchafu. Maana juzi, Tatu alipoondoka, yeye ndiye aliyechomeka flashi ya binamu yake wa Handeni ili apakie mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wenye michezo. Kompyuta ilizimika katikati ya kazi, naye akatoroka.

Mwalimu Hilaria aliingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Mwalimu alichomeka flashi yake, akawasha. Likatokea dirisha lenye kitufe kikubwa: Rekebisha. Hakukibonyeza.

"Fundi wa mjini alitaka tufute kila kitu," alisema. "Programu hii inaweza kuiwasha bila kufuta. Lakini naona mifumo miwili humu, na sijui upi ni wetu wala mwingine umeingiaje. Nikichagua vibaya, naweza kuharibu zaidi. Nikimuuliza Tatu, analia tu, anasema hajui."

"Kweli hajui, mwalimu." Rukaya aliweka ufagio chini. "Ni mimi."

Akaeleza yote. Mwalimu alimtazama kama mtu aliyekuta funza kwenye mboga.

"Ukamwona mwenzako anatemewa kiti, ukanyamaza?"

"Nilicheka, mwalimu."

Mwalimu aliigeukia kompyuta. Alichagua mfumo wa zamani, akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa polepole hadi mwisho. Alipoiwasha upya, kompyuta iliwaka, na mazoezi yote yalikuwapo.

Mstarini, Rukaya alisimama mbele ya shule nzima akasema alichofanya, akamwomba Tatu radhi. Tatu alimwangalia tu, bila tabasamu. Wale waliocheka jana waliinamisha vichwa.

Walipotawanyika, Mwalimu Hilaria alimwita Rukaya kando.

"Kompyuta imepona kwa dakika kumi kwa sababu umeutaja ugonjwa wake," alisema. "Ungesema juzi, ingepona juzi. Ila moyo wa Tatu hauna kitufe, mwanangu. Huo utautengeneza siku baada ya siku, kwa kusema kweli hata pale inapokuaibisha. Haya, nenda darasani ukaanze."