Mkono wa Ulfat

Darajani asubuhi ya Jumamosi hapapitiki. Wauza mkate, wauza ndimu, vespa zinazopigia watu honi migongoni, na siku hiyo, katikati ya zogo lote, meza moja ya fulana za kijani na msichana mrefu nyuma yake. Kavaa baibui jeusi, na chini ya baibui raba za kukimbilia za rangi ya waridi. Huyo ndiye Ulfat. Kazi yake ni kuuza dawa katika duka moja la Mlandege, lakini asubuhi ile alikuwa akiuza fulana za mbio za kuichangia wodi ya watoto njiti, na aliziuza kwa ubishi, maana Ulfat hajui kumbembeleza mtu.

"Kaka, we una mapafu mazima. Njoo ukimbie," alimwambia kijana aliyekuwa akipita na begi la vifaa begani.

Kijana akasimama. Alikuwa Msabah, fundi wa viyoyozi katika mahoteli ya Mji Mkongwe, mtu wa Nungwi, shati limerowa jasho lakini kola imenyooka.

"Mapafu yangu umeyaona wapi?"

"Nimeyasikia. Ulipokuwa ukigombana na mwenye vespa pale."

Msabah alicheka, akachukua fulana, akanyoosha mkono kuagana. Ulfat akaweka kiganja chake kifuani.

"Samahani. Sishikani mikono na mwanamme asiyekuwa maharimu wangu."

"Sasa nifanyeje niwe maharimu wako?"

"Ungezaliwa kwetu. Ungekuwa kaka yangu."

"Mungu aniepushe," alisema Msabah, akiyatazama yale macho yenye wanja mwembamba. "Sitaki kabisa kuwa kaka yako."

Aliyasema hayo kwa mdomo wake, mbele ya watu. Kila nikiisimulia habari hii nikafika hapa, mwili unanisisimka.

Mazoezi yalianza. Kila baada ya sala ya alfajiri kundi zima lilikutana Mnazi Mmoja, likakimbia kuelekea Mazizini na kurudi. Ulfat alivaa suruali pana, shati refu la kufika magotini, na ushungi uliobanwa kwa pini. Penye mlima wa Kilimani pumzi zilimwishia. Msabah akavua taulo lake shingoni, akashika ncha moja, nyingine akamrushia.

"Shika huko, nikuvute."

"Utaniona ng'ombe?"

"Ng'ombe ndiye anayevuta, bibie. We ndiye mwenye gari."

Tokea siku hiyo wakawa wanakimbia hivyo, na taulo katikati. Wenzao wakawacheka mpaka wakachoka kucheka. Asubuhi moja Msabah alimuuliza kwa nini kang'ang'ania mbio hizi na mapafu hana.

"Mimi mwenyewe nilikuwa njiti," alisema Ulfat. "Mama anasema nilikuwa kama mkate wa boflo. Ile wodi ndiyo iliyoniokoa. Na we?"

Msabah alipunguza mwendo. "Mdogo wangu alifia pale. Hata jina hajapewa. Mimi nilikuwa mtoto, nilimwona mama tu anarudi mikono mitupu."

Kisha akamgeuzia mgongo. Kwenye fulana yake alikuwa ameandika kwa wino mzito: NAKIMBIA KWA AJILI YA MDOGO WANGU. Hapo ndipo Ulfat alipompenda. Alimpenda kweli, mapenzi ya kumfanya mtu atie chumvi kwenye chai, na nyumbani kwao Kikwajuni mama yake, Bi Kidawa, aliiona ile chai na akajua. Asichokijua ni jina. Ulfat alimwita mpenzi wake Baridi, kwa ajili ya viyoyozi vyake, na ndani ya nyumba ile kila simu ilikuwa ya Baridi.

"Naam, Baridi."

"Umekula?"

"Nshakula."

"Mbona sauti ya njaa?"

"Njaa ya usingizi. Jana umenizungumzisha sana."

"Basi nakuja na habari ya kukuamsha. Mama yangu anakuja kwenu Ijumaa."

Ulfat alikaa kitandani. "Kuja kufanya nini?"

"Kununua fulana," alisema Msabah, na wote wawili wakacheka, na Ulfat akalia kidogo.

Wazee wa kiume wangefuata baadaye. Kwanza wanawake waje waonane. Ijumaa hiyo, mbio zikiwa Jumapili, Bi Mwanakheir, mama yake Msabah, alifika Kikwajuni na wifi yake, kajifunga kanga mpya juu ya baibui, halwa mkononi. Ulfat alikuwa nyuma ya pazia la ukumbini, ndani ya gauni la hariri la rangi ya zabibu, anasikiliza.

"Hodi."

Bi Kidawa alifungua mlango. Kisha sauti ya mama yake, ambayo Ulfat hajapata kuisikia ikipanda vile: "Mama Msabah?"

"Kidawa! Kidawa wa wodini!"

Wakakumbatiana palepale mlangoni, halwa ikabanwa katikati yao. Wodini mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na Bi Kidawa hakupata kulijua jina jengine.

"Nilikutafuta Nungwi," alisema huku analia. "Wakanambia mmehamia Wete."

"Tulihamia. Tukarudi. Yuko wapi mtoto wangu? Kale kajiti kangu?"

"Kakuwa mtu mzima, jina tukampa baada ya kutoka wodini. Ndiye huyo Ulfat uliyekuja kumtazama."

Nyuma ya pazia Ulfat alitabasamu. Alidhani mambo yameisha, kwa furaha kama ile nani angekataa posa. Alikuwa anaweka ushungi sawa atoke aamkie aliposikia mama yake akiuliza, polepole:

"Na kijana anayeposa ni nani?"

"Msabah wangu."

"Si Baridi?"

"Baridi ndiye Msabah."

Viti vilikuwepo, lakini Bi Mwanakheir alikaa chini sakafuni. "Yarabi," alisema. "Nimekuja kumposea mwanangu dada yake."

Ilikuwa hivi. Ulfat alipozaliwa, Bi Kidawa alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Kitanda cha pili alikuwako Mama Msabah, kafiwa na wake, maziwa yamemjaa mpaka yanamuuma. Alimchukua mtoto wa mwenzake akamnyonyesha, siku hadi siku, mpaka waliporuhusiwa kwenda zao. Na kwetu mtoto akishanyonya hivyo ni mtoto wa yule mama, na watoto wote wa yule mama ni ndugu zake. Hapana ndoa hapo, leo wala kesho. Nani kwetu asiyelijua hilo?

Wale mama walishika uzi mmoja uliobaki: aulizwe sheikh, na mpaka ajibu Msabah asiambiwe kitu. Ulfat akazima simu, maana angeisikia sauti yake tu angesema. Msabah alipiga usiku kucha. Alfajiri akaandika: "Kumbe fundi si hadhi yenu. Mungeniambia tu."

Jumamosi sheikh alisikiliza, akauliza kama mtoto alikuwa akishiba. "Alikuwa akishiba na kulala kifuani mwangu," alisema Bi Mwanakheir. Sheikh akavua miwani. "Basi huyo ni binti yako, mama."

"Niachieni mimi nimwambie," alisema Ulfat.

Jumapili mbio zilianzia Forodhani. Msabah alitangulia, hamtazami. Ulfat alimkimbiza mpaka Kilimani, mapafu yanamuwaka.

"Msabah."

Hajapata kumwita hivyo. "Leo Baridi kafa?" alijibu bila kugeuka.

"Mdogo wako alipokufa, maziwa ya mama yako aliyanyonya mtoto mwengine." Pumzi zilimkatika. "Niliyanyonya mimi."

Msabah aliendelea kukimbia, miguu ilikuwa haijasikia. Kisha akasimama ghafla na watu wakawa wanampita kushoto na kulia.

"Sema tena."

Akasema tena.

"Sheikh?"

"Kashaulizwa."

"Ulfat, mimi nimekuposa."

"Najua. Na mimi nimeshakukubali toka Darajani."

Msabah alikaa ukingoni mwa barabara, kashika kichwa kwa mikono miwili. "Bora ungenambia una mtu," alisema. "Ningekuchukia, nikapona."

"Nilitamani niwe naye," alisema Ulfat, na akalia waziwazi, ushungi umelegea, hajali nani anamwona.

Walikaa mpaka wa mwisho wa mwisho wakawapita. Ndipo Msabah akainuka. Akavua taulo shingoni kama ada, akashika ncha moja. Akalitazama. Akalirudisha shingoni, akanyoosha mkono.

"Shika. Sasa inafaa."

Ulfat akampa mkono wake. Ulikuwa wa moto, na wake Msabah ulikuwa mkavu wenye sugu za spana. Wakakimbia hivyo mpaka viwanja vya Maisara, wote wawili wanalia, watu kandoni wanapiga makofi.

Mwishoni mwanamke wa kugawa maji aliwatazama akafurahi. "Mungu awaoze," alisema. "Kijana, mpe mchumba wako maji."

Msabah alifungua chupa. "Si mchumba," alisema. "Mdogo wangu."

Ulfat akanywa, mkono mmoja bado umo mkononi mwa Msabah, na hapakuwa tena na mtu wa kuwakataza.