Kipimo cha Makena

Patasi ilikuwa ikigonga jiwe ndani ya kanisa tupu, mchana kweupe, na Gitonga alipoambiwa alicheka mpaka barakoa ikamteremka kidevuni.

Aliyemwambia ni Ildephonse, Mkongo mtunza funguo wa kanisa hilo kubwa la katikati ya Sydney. Kanisa lilikuwa limefungwa kwa ajili ya Korona na mafundi wako makwao, lakini kila adhuhuri kuna mtu anachonga ndani ya nguzo ya kaskazini, na harufu ya chokaa mbichi inakaba pua. Gitonga akamjibu kwamba nyinyi Wakongo mna majini hata ndani ya sufuria. Ndiye huyo Gitonga, bwana. Mmeru aliyesomea makanisa ya kale ya Ulaya. Asiyejua kwa nini tao la Kigothi limechongoka juu hakustahili hata salamu yake.

Kazi aliyopewa ni kuliokoa tao la nguzo hiyo, lililoingia ufa. Kamati ya kanisa ingekuja kulikagua Alhamisi. Likisimama, jina lake lingechongwa ukutani. Chini ya nguzo palikuwa na jiwe lililoletwa kwa meli kutoka kanisa la Ufaransa lenye umri wa miaka mia saba. Alichokonoa pembeni mwake, akatoa kijisanduku cha madini ya risasi, na ndani yake uzi wa kitani wenye fundo.

Basi akaanza kuhutubu. Wajenzi wa zamani, alisema, tao likiwagomea walimpima mpita njia kwa uzi, kisigino hadi utosi, wakapiga fundo na kuuzika uzi ukutani. Tao likasimama, mtu akafa. Upuuzi wa Wazungu washamba.

"Uirudishe, patron," Ildephonse alimwambia bosi wake polepole, kwa Kiswahili chake cha Kongo, akiuonyesha uzi. "Kama ni upuuzi, uirudishe tu."

Kuamrishwa na mshika funguo! Gitonga alifungua fundo, akamwita bintiye Makena, wa miaka minane, aliyefuatana naye kwa kuwa shule zimefungwa na mamake yuko zamu hospitalini. Akampima kisigino hadi utosi, akapiga fundo jipya, akauzika uzi na kupiga lipu juu, akicheka peke yake. Ildephonse aliweka funguo juu ya benchi akaenda zake bila kuaga.

Patasi ikanyamaza. Kufika jioni ule ufa ulikuwa umejifunga.

Jumatano, nyumbani, kitongojini Rooty Hill, Makena hakuweza kuinuka. Alipimwa Korona, hana. Lakini ngozi yake ilikuwa baridi kama sakafu, na kila akikohoa alitoa vumbi jeupe juu ya mto, na pumzi yake ikanuka chokaa mbichi, harufu ile ile, ikajaa chumba, ikashika mapazia, ikamfuata Gitonga jikoni alikojificha asimtazame mkewe Wanjugu usoni.

"Umemfanya nini mtoto?" Wanjugu alinong'ona.

Gitonga alichukua zile funguo alizoziacha Ildephonse. Aliendesha gari hadi mjini, akafungua kanisa, akabomoa lipu kwa nyundo, akaushika uzi. Ulikuwa na joto kama mkono wa mtoto. Ndipo sauti ikatoka ndani ya jiwe, ya mtu aliyechoka na kukinai.

"Fungua fundo, mtoto atapona. Nitakungoja ufike mlangoni, kisha tao litaanguka."

Hilo tu. Hakuambiwa afe, wala achinje hata kuku. Gitonga alishika fundo kwa kucha, kisha akainua macho. Tao lilikuwa limesimama zuri ajabu, jiwe juu ya jiwe, bila hata ufa wa unywele, na kesho ni Alhamisi.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nikikuletea mtu mwingine? Yule Mkongo, kwa mfano?"

Jini likacheka kicheko kikavu cha dharau.

"Miaka mia saba," likasema, "kila mjenzi huniuliza hivyo hivyo."

Simu ikaita mfukoni mwake. Alijua ni Wanjugu. Ikaita, ikakatika, ikaita tena, na Gitonga bado ameshika fundo, anatazama juu.