Shairi la Kumkomesha Mwanahawa

Ilikuwa miaka ile ya Elimu ya Kujitegemea. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya darasani, wasichana walipalilia shamba la karanga la shule. Mwanne alishika mstari wa mwisho, peke yake. Alikuwa na haya, hakupenda kusemeshwa.

Lakini Mwanahawa, binti wa Kizaramo aliyehamia Tabora baba yake alipopata kazi ya reli, alimfuata hukohuko.

"Wee Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe mpaka kwetu pwani. Sauti yako waliisahau njiani?"

Wenzao walicheka mpaka majembe yakawaponyoka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi, hujibiwa. Mwanne alifungua mdomo. Neno halikutoka. Mwanahawa akamwigiza, akipanua na kufumba mdomo kama kambale aliyetolewa majini.

"Utanilipa," Mwanne alijisemea, akiyakata magugu kama anakata shingo.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Koleta aliwasimulia habari za vijana wa Marekani waliotunga mashairi baada ya Vita Kuu ya Pili. Walikataa kufuata mkumbo, wakazurura barabarani, na mambo yaliyofichwa majumbani wakayasoma hadharani kwa sauti.

"Andikeni insha juu ya uasi wao," alisema. "Mwishoni mtunge shairi kwa mtindo wao. Kila mtu atasoma mbele."

Mbele! Siku nyingine Mwanne angeumwa tumbo. Safari hii alitabasamu. Alikuwa amemwona baba yake Mwanahawa sokoni, amefukuzwa kazi kwa ulevi, anabeba magunia huku kofia imemfunika macho. Mwanne akatunga, akafuta, akainoa mistari yake kama kisu.

Siku ilipofika, sauti ilitoka. Ilitoka hasa!

"Reli imemtapika, pombe imemmeza,
bwana mkubwa wa pwani leo punda wa sokoni.
Mwanahawa, mpelekee baba yako majani!"

Darasa liliangua kicheko. Mwanahawa alifungua mdomo, akaufumba. Machozi yakamdondoka.

"Ni utani tu, Mwalimu," Mwanne alisema haraka. "Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi."

"Utani? Msibani mtani hufanya nini?"

"Huwachekesha wafiwa."

"Basi mtani huja kufuta machozi. Wewe umeyaleta. Na hao waasi uliowaandika, walianza kwa kuanika siri za nani?"

Mwanne aliinama. "Zao wenyewe."

"Kaandike upya. Anika za kwako."

Kesho yake Mwanne alisimama tena. Alisoma jinsi ulimi unavyomganda, na jinsi alivyochekelea moyoni alipoona Mwanahawa naye amekosa la kusema. "Kisasi nilikipata," alisoma, "usiku sikulala. Nisamehe, mtani. Baba yako anabeba mizigo. Babu zangu walibeba pia. Hakuna aibu."

Mwanahawa akapangusa macho.

"Jamani! Kumbe baba amekuwa Mnyamwezi? Huu sasa ndio msiba!"

"Karibuni," Mwanne alijibu papo hapo. "Ila tutawaanzishia vifurushi. Mabega ya Kizaramo yamezoea kucheza ngoma tu!"

Safari hii Mwanahawa ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwalimu Koleta akangoja kicheko kiishe.

"Mnasikia? Shida ya mwenzako si fimbo ya kumchapia. Anayetaka kusema kweli bila woga, aanze na ya kwake."