Kaptura Juu ya Jiwe

Kila Jumamosi asubuhi Mama alifunga nguo chafu katika shuka, akanipa kipande cha sabuni, nasi tukashuka ziwani kutoka mtaa wetu wa Manyatta, Kisumu. Yeye alikwenda kununua samaki pale mitumbwi inaposhusha, mwendo mfupi tu kutoka mahali tulipofulia. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mdogo wangu Enos alikuwa na saba. Tulipomaliza kuanika nguo kwenye nyasi, sisi wakubwa tuliruhusiwa kuogelea. Enos hakuruhusiwa kupita maji ya magoti, na kazi ya kumwangalia ilikuwa yangu.

Ilikuwa mwaka wa 1964. Mvua ilikuwa imenyesha kwa miaka mitatu bila huruma, na ziwa likapanda, likameza mashamba, njia na hata nyumba za watu. Mahali tulipoogelea palikuwa nchi kavu hapo awali. Wafyatuaji wa matofali walichimba udongo pale, na sisi wenyewe tuliwahi kucheza kando ya shimo lao. Kwa hiyo tulijiona wenyeji hasa, watu wasiohitaji kufundishwa lolote kuhusu maji yale.

Mwaka huo Rehma alihamia Manyatta pamoja na baba yake, Mzee Hemedi, fundi cherehani kutoka Mombasa. Siku ya kwanza alipokuja nasi ziwani alisimama ukingoni, akauliza, "Humu mna papa?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Masinde, mvulana aliyetuzidi sote kwa umri na kwa kupiga mbizi, alimjibu, "Papa gani? Hapa ni ngege na kamongo tu. Hao tunakula sisi, wao hawatukuli."

"Na taa je?"

Hatukumjua taa. Rehma akatueleza kuwa ni samaki bapa anayejifukia mchangani, na mkiani ana mwiba wenye sumu. Mjomba wake alimkanyaga mmoja, mguu ukavimba mwezi mzima, na mpaka leo anachechemea.

"Ndiyo maana kwetu mtu hanyanyui mguu majini," alisema. "Anauburuta chini, polepole. Taa akisikia, huondoka."

Akaingia hivyo hivyo, akiburuta miguu kama bibi kizee, na Masinde akimwiga nyuma yake. Mimi nilicheka kuliko wote. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi ya tatu, Rehma alisimama ghafla majini. "Hapa mguu wangu umekosa ardhi," alisema.

"Hiyo ni shimo ya matofali," Masinde akamjibu. "Nani hajui? Sisi ni watu wa hapa."

"Basi tuchomeke kijiti, tujue lilipo."

"Chomeka ya kufukuza papa."

Tangu siku hiyo tulimwita Mama Papa. Rehma hakubishana nasi. Alianza kufulia mbali kidogo, peke yake, na hakuogelea tena nasi. Kweli shimo tulilijua, lakini maji yalikuwa yamefunika kila alama, na kama tungeulizwa, kila mmoja angeonyesha mahali pake.

Jumamosi moja baada ya hapo Masinde alinipa changamoto tuogelee mpaka kwenye mti uliokufia majini, tuone nani atatangulia kurudi. Nilimwambia Enos akae na nguo.

"Mimi si mwoga kama Mama Papa," Enos alisema.

"Kaa hapo," nikamwambia, nikajitosa.

Tuliporudi, shati na kaptura yake vilikuwa juu ya jiwe. Yeye hakuwepo. Tuliita. Tulipiga mbizi huku na huku, tukashika matope tu. Kisha Masinde akanikamata mkono.

"Nekoye, tukisema alikuwa kwa maji, watatuua. Sema aliondoka na watoto wengine. Labda kweli ameondoka."

Nilikwenda kwa Mama, nikamwambia Enos ameelekea mtaa wa Kondele na watoto nisiowajua. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mama aliacha samaki wake, akakimbilia barabarani pamoja na wanawake wawili, akimuuliza kila mpita njia. Nami nilimfuata nikiliita jina la Enos kwa sauti kubwa, huku nikijua ninaita mahali ambapo hayupo. Nusu saa nzima Mama alimtafuta mwanawe katika vumbi.

Ndipo Rehma alipotufikia, anahema, ameshika kitu mkononi.

"Shikamoo, Mama Nekoye," alisema. "Wanasema Enos ameelekea Kondele, lakini nimeikuta kaptura hii juu ya jiwe, na shati. Mtoto hawezi kwenda Kondele uchi."

Mama aliitazama kaptura, kisha akanitazama mimi.

"Yuko ziwani," nikasema.

Wavuvi walijitosa, kila mmoja upande wake, lakini maji yale yalikuwa kama uji wa unga wa wimbi na hakuna aliyeona kitu. Rehma aliingia na gauni lake mwilini. "Shikaneni mikono," aliwaambia watu wazima wale. "Msinyanyue miguu. Burutini."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wavuvi, wanawake wa samaki, Masinde na mimi tulijipanga mstari mmoja, tukaenda polepole, Rehma akiwa katikati. Nilikanyaga matope, mizizi, kigae cha chungu, na kila kilichogusa mguu wangu kilinikata pumzi. Mwishowe Rehma alisimama. "Ukingo ni huu," alisema. Mvuvi mmoja alizama mara mbili. Mara ya pili alirudi na Enos mikononi.

Walimlaza kwenye nyasi, kando ya nguo zetu safi, wakamkamua maji, wakamsugua miguu na kifua. Mama alimwita mpaka sauti ikamkauka. Enos hakuitika.

Tulimzika nyumbani, Kimilili. Hakuna aliyeniambia kama nusu saa ile ingemwokoa, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nimejiuliza mwenyewe miaka yote hii.

Tuliporudi Kisumu, Baba na Mzee Hemedi walikwenda na wavuvi, wakasimika miti kulizunguka lile shimo, na juu ya kila mti wakafunga kitambaa chekundu kutoka kwa Mzee Hemedi. Masinde alibeba miti tangu asubuhi. Kazi ilipokwisha, Mzee Hemedi alituita sisi watoto.

"Wanangu," alisema, "kwetu husemwa, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Binti yangu aliogopa samaki ambaye hayumo humu, hilo kweli. Lakini hofu ile ilimfunza kuyapima maji kabla ya kuyaamini. Nyinyi mliyazoea, na mazoea yakawafumba macho."

Tuliinamisha vichwa. Masinde alimwomba Rehma msamaha mbele ya watu wote, nami nikafanya vivyo hivyo. Rehma alitikisa kichwa kukubali, lakini hakutabasamu.

Mama hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Jioni ile alikaa kitandani akiikunja ile kaptura, akiikunjua, akiikunja tena, kisha akaniita niketi karibu naye.

"Ulimwacha mtoto ukaenda kucheza," alisema. "Hilo ni kosa la mtoto mwenzake, na nimekusamehe. Ile nusu saa sijui nitaisamehe lini. Sikiliza, Nekoye. Mtu akizama, sema amezama. Hata kama ni wewe uliyemwacha azame, hata kama utapigwa, sema, na sema upesi. Maji hayamngoji mtu amalize uongo wake."