Filimbi ya Ng'ambo ya Ruvu

Siku ya tatu baada ya kusomwa Halbadiri, maji ya mtungini yalinuka tope.

Sihaba aliyamwaga, akausugua mtungi kwa majivu, akateka mengine kwa jirani. Kufika adhuhuri yalikuwa yananuka tena, na haukuwa uvundo wa kisima. Ilikuwa harufu ya mto uliofurika, ya majani yaliyooza na ngozi ya kiatu iliyolowa. Mumewe, Kapteni Mbaruku, aliyanusa akasema mtungi umezeeka. Alikuwa na maelezo ya kila jambo. Ndiyo kazi iliyompa jina.

Jeshini alikuwa ametoka miaka sita nyuma, lakini ukapteni ulimganda. Mwaka wa sitini na tisa vijana watano wa mafunzo walizama wakivuka Ruvu, na kwenye taarifa ya kambi wakaandikwa watoro. Mbaruku akaenda gazetini akasema hawakutoroka, wamekufa, na kwamba mkuu wa kambi ndiye aliyewalazimisha kuvuka maji yale kisha akawasingizia. Mkuu akafukuzwa. Mbaruku naye akatolewa, ila alitoka na sifa nyingi kuliko alizoingia nazo. Tangu hapo redio ikitaka mtu wa kueleza vita vya Msumbiji au usalama wa mpakani, inamwita yeye, na pale mtaani kwao Dunda wazee walikuwa wakiacha bao lao wamsikilize.

Mmoja wa wale watano alikuwa Kombo, mdogo wake Sihaba wa tumbo moja. Kwa ajili ya Kombo, Sihaba alivumilia mengi. Alikuwa mwalimu mjini. Mdomo wa mumewe, uliowaudhi wakubwa, ukamhamishia Ubena miaka miwili, na hakunung'unika. Mtu aliyemwondolea mdogo wako jina la utoro, huwezi kumnunia kwa vumbi la barabara.

Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na tano, na Kapteni anagombea ubunge. Yeye alipewa alama ya nyumba, mwenzake Mwinjuma alama ya jembe, na kama ilivyokuwa desturi ya chama, wote wawili walipakiwa gari moja na kupandishwa jukwaa moja, watabasamiane mbele za watu. Kwenye mkutano wa Msata, Mwinjuma alitabasamu vizuri sana, kisha akasema, "Muulizeni Kapteni, siku ile ya mto yeye alikuwa ng'ambo gani."

Watu walicheka. Kapteni hakucheka.

Alirudi akaagiza Halbadiri, kisomo cha kuapiza, isomwe nyumbani kwake, mchana, milango wazi, kila mtu asikie. Alikuwa akiwacheka wavaa hirizi tangu ujana wake, lakini wapiga kura wake aliwajua. Nia iliyotajwa ilikuwa hii: kila anayeijua kweli ya vijana wale akaificha, kisomo kimfike popote alipo.

Shehe Dadi, aliyeitwa kusoma, hakufungua kitabu upesi. Pwani nzima inajua kwamba Halbadiri haina rafiki. Humrudia hata aliyeiagiza, kama naye ana lake. "Kapteni," aliuliza, "wewe mwenyewe huna lako ndani ya jambo hili?"

Aliuliza mara tatu, ndivyo kanuni ilivyo. Mara tatu Kapteni akajibu hana, na mara ya tatu alijibu kwa kicheko kidogo, kile cha redioni. Sihaba, nyuma ya pazia, aliona fahari.

Baada ya mtungi zikaja nyayo. Adhana ya adhuhuri ikishaisha, mji ukiwa umezubaa kwa jua, sakafu ya saruji ilikutwa na alama za viatu vya jeshi, mbichi, zimetoka mlangoni hadi kwenye kiti cha Kapteni na hazikurudi. Sihaba alizipiga deki. Kesho yake zilikuwa jozi mbili, keshokutwa tatu, na siku nyayo zilipofika jozi tano alisikia filimbi, si ya mwamuzi wa mpira wala ya mlinzi, ila filimbi iliyoingia maji, inayopulizwa na kukwama na kupulizwa tena, ikitokea uani, kisha ukumbini, kisha ndani ya kifua cha mumewe aliyekuwa amelala kitini mdomo wazi, huku maji ya kahawia yakimtiririka pembeni ya midomo na kulowesha kola ya shati lake la kampeni.

Alimwita Bi Mwanamvua, mganga, mama asiyependa maneno mengi. Alikuja na chetezo na udi wake, akamfunika Kapteni shuka jeupe. Kapteni alianza kumweleza kitaalamu kuhusu uchovu wa kampeni. Udi ulipomfikia puani, maelezo yakakatika. Akakakamaa kama mtu aliye paredi.

"Salaam alaikum, mgeni," Bi Mwanamvua alisema kwa sauti ya chini. "Umefuata nini? Marashi? Kuku mwekundu? Sema upewe, uende."

"Sikuja kula." Sauti haikuwa ya Kapteni. Ilikuwa nzito, yenye mapovu.

Sihaba alipiga magoti. "Kombo?"

"Kombo kafa, bibi. Wafu hawarudi, humjui Mungu wako? Mimi ni mwenye mto. Nimeitwa kwa kitabu, nimekuja kutoa ushahidi."

Kisha akautoa, taratibu, kama asomaye taarifa. Mkuu wa kambi hakuwapo mtoni siku ile. Alikuwa ameagiza maji yapungue kwanza. Kapteni alitaka kundi lake liwe la kwanza kufika ng'ambo, apande cheo. Akavuka yeye kwa mtumbwi, akasimama pakavu, akapuliza filimbi. Vijana wakaingia. Kombo alirudi nyuma mara mbili, na mara mbili akapigiwa filimbi. Aliyewaandika watoro ni huyu huyu. Maiti ya kwanza ilipoibuka, akakimbilia gazetini kabla mkuu wake hajamuuliza.

"Mwizi hodari," sauti ilisema, "huwa wa kwanza kupiga yowe."

Bi Mwanamvua alilifunua shuka, akafunga mkoba wake. "Huyu hana dawa kwangu. Ayaseme yeye mwenyewe mbele za watu, mgeni ataondoka."

Kapteni alipozinduka alikuta mkewe anamtazama. Hakukana. Alilia, akamshika miguu. "Mke wangu, nisitiri mpaka mkutano wa Jumamosi. Nitayasema jukwaani, wallahi."

Sihaba alimsitiri. Siku tano alipika, akapiga deki nyayo, akafunga mdomo, kwa sababu alitaka kitu kimoja tu: jina la Kombo litamkwe na yule aliyempulizia filimbi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Kapteni alisimama, akatazama watu, akamtazama mkewe kwenye safu ya mbele. Akalitamka jina la Kombo vizuri mno. Akasema damu ya shemeji yake inamlilia, akasema mkuu yule katili lazima akumbukwe, na hapo, mbele ya watu elfu, akamnyooshea mkono Sihaba: "Huyu hapa dada yake ni shahidi wangu."

Watu walisimama kumpigia makofi. Sihaba naye alijikuta amesimama. Hakusema kitu.

Nyumba ikashinda jembe. Kabla mbunge hajaapishwa, Sihaba alikuwa amefungasha na kurudi Ubena, safari hii kwa kuomba mwenyewe, kwenye chumba cha walimu alichoishi na mwalimu mwenzake, Dija. Mtungi wa kule alinunua mpya. Wiki nne maji yake yalikuwa matamu.

Mchana mmoja Dija alifungua redio. Mheshimiwa Mbaruku alikuwa akieleza usalama wa mpaka wa kusini, sauti kavu, bila kikohozi. Dija akasema mume wako anajua kusema, shoga. Sihaba alimeza fundo la maji, akalitema.

Tope.

Alitazama mlango. Kwenye saruji kulikuwa na jozi tano za nyayo, mbichi, zimekuja hadi kwenye kiti chake. Akakumbuka nia ilivyotajwa, neno kwa neno: kila anayeijua kweli ya vijana wale akaificha. Hakukutajwa mume wala mke.

"Dija," alisema, "zima redio. Nikwambie nani alimuua mdogo wangu."

Alisema yote, bila kupunguza. Dija alilia. Kisha Sihaba akakiinua tena kikombe, akakinusa.

Tope lilikuwa palepale. Na uani, kwa mbali, filimbi ikaanza. Kumwambia mtu mmoja, ilionekana, hakutoshi.